Macho ya Kibarua Ndiyo Dawa ya Shamba

Mazungumzo kwa wakulima, vibarua na vijana wanaotafuta kazi katika mashamba ya mboga za kilimo hai, Kimana, Kajiado Kusini

 

Kila asubuhi, jua likiwa bado halijapata nguvu, watu wenye majembe begani huonekana kwenye barabara za Kimana wakielekea mashambani. Wengine ni wenyeji. Wengine wametoka Ukambani na sehemu nyingine za Kenya, na wengine wamevuka mpaka kutoka Tanzania. Wote huitwa vibarua. Kwa miaka mingi jina hilo limetamkwa kwa dharau kidogo, kana kwamba kibarua ni mtu aliyekosa kazi nyingine, na yeyote mwenye mikono miwili anaweza kuchukua nafasi yake kesho.

Mazungumzo ya leo yanahusu shamba ambako mawazo hayo hayafai hata kidogo, nalo ni shamba dogo la mboga linalolimwa bila kemikali. Mkulima aliyeacha dawa za dukani ameacha kitu kilichokuwa kikifanya kazi kwa haraka, hata kama kilikuwa na madhara. Lazima kitu kingine kishike nafasi hiyo, na kitu hicho ni mtu anayepita kwenye matuta kila siku, anayegeuza majani na kuona tatizo likiwa bado dogo. Akikosekana mtu huyo, au akiwapo lakini hana sababu ya kujali, shamba la kilimo hai haliwezi kudumu misimu miwili.

Kimana na kazi ya mboga

Kimana ina bahati ambayo sehemu nyingi za Kajiado hazina. Mvua inayonyesha kwenye miteremko ya Kilimanjaro huzama katika miamba ya volkeno na kutokea tena hapa chini kama chemchemi. Maji hayo ndiyo yanayolisha mto, kinamasi na mifereji ya umwagiliaji. Ndiyo yaliyoifanya Kimana kuwa eneo la nyanya, vitunguu, maharagwe, kabeji na sukuma wiki, wakati sehemu kubwa ya kaunti inategemea malisho.

Lakini kulima mboga msimu baada ya msimu kwenye udongo uleule kumeleta shida. Wadudu hawapati likizo. Nondo wa nyanya anayeitwa Tuta absoluta, ambaye asili yake ni Amerika Kusini, aliingia Kenya mwaka 2014. Tangu hapo wakulima wengi wamepiga dawa mara nyingi zaidi, wakichanganya mbili au tatu katika pampu moja. Anayebeba pampu hiyo mgongoni mara nyingi ni kibarua. Wapo wanaopiga dawa bila glavu wala barakoa, upepo ukiwarudishia usoni. Jioni huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutokwa na jasho na mate kwa wingi, au hutapika, kisha husema ni uchovu. Huenda si uchovu. Hizo zinaweza kuwa dalili za sumu, na mwenye dalili hizo anapaswa kuvua nguo alizopigia dawa, kuoga kwa maji mengi na sabuni, na kupelekwa kituo cha afya bila kusubiri asubuhi. Chupa ya dawa, au angalau kibandiko chake, iende pamoja naye ili daktari ajue anachotibu.

Hii ni sababu mojawapo inayowafanya baadhi ya wakulima kugeukia kilimo hai, na baadhi ya vibarua kupendelea kufanya kazi huko. Hata hivyo, anayedhani kwamba kilimo hai ni kukaa tu na kuacha mimea ijiotee atashangaa siku ya kwanza.

Kazi ya siku nzima

Siku huanza kwa ukaguzi. Kabla ya kushika jembe, kibarua hupita katikati ya matuta akitazama. Hugeuza jani la kabeji kuona kama kuna mayai ya kipepeo. Hutazama ncha changa za sukuma wiki, mahali vidukari hupenda kujikusanya. Kwenye nyanya hutafuta michirizi myeupe kwenye majani, ambayo ni njia anazochimba kiwavi wa Tuta ndani ya jani. Anapoona jani lenye michirizi hulichuma na kulitia kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri na kuachwa juani mpaka viwavi wafe. Halitupi pembeni ya shamba, maana kesho nondo atakuwa ametoka humo humo.

Kijana aliyekulia kwenye mifugo tayari ana uwezo huu, hata kama hajawahi kupanda mche mmoja. Mchungaji mzuri hamngoji ng'ombe alale chini ndipo ajue ni mgonjwa. Huona masikio yaliyolegea, manyoya yaliyosimama, mnyama anayebaki nyuma ya wenzake. Kuona mmea unaoanza kuugua ni jicho lile lile. Ukame wa 2009 na ule ulioanza mwishoni mwa 2020 uliua mifugo mingi katika kaunti hii, na vijana wengi waliobaki bila kundi la kuchunga wamejikuta wakitafuta kibarua. Hawaanzi kutoka mwanzo kabisa. Kilichobaki ni kujifunza majina na tabia za wadudu.

Baada ya ukaguzi huja palizi. Shambani hakuna dawa ya kuua magugu, kwa hiyo yanang'olewa yakiwa madogo, kabla ya kuchanua na kuacha mbegu. Kisha kibarua hutandaza nyasi kavu au mabua kati ya mistari. Matandazo hupunguza magugu, huzuia jua lisikaushe udongo, na hupunguza idadi ya mara anazohitaji kumwagilia.

Maji nayo yana kanuni zake. Mfereji una zamu, na zamu ya shamba inaweza kuangukia usiku. Kibarua anayelala mfereji ukijaa anaweza kuharibu kazi ya wiki nzima, kwani maji yanayosimama huozesha mizizi, na yakikauka huacha chumvi nyeupe juu ya udongo. Anayevunja zamu na kugeuza maji ya jirani huanzisha ugomvi ambao wazee watausuluhisha kwa miezi. Maji ya Kimana si ya mashamba peke yake. Mifugo, wanyamapori na watu walio chini ya mto wanayategemea pia.

Mavuno hufanywa asubuhi au jioni, wakati mboga zina ubaridi. Sukuma wiki huvunwa majani ya chini kwanza, na majani machanga ya juu huachwa yaendelee kukua. Mboga huoshwa kwa maji safi na kuwekwa kivulini. Kreti likiachwa juani kwa saa moja, mboga hunyauka kabla gari halijafika Emali, na mteja wa Kitengela hatajali kwamba zililimwa bila kemikali.

Samadi ni mali ya Kajiado

Kaunti nyingi zinazolima mboga hununua mbolea kwa bei kubwa. Kajiado ina maboma. Samadi iliyorundikana kwa miaka ni utajiri ambao familia nyingi bado zinauona kama taka, na hapo mfugaji na mkulima wanaweza kukutana bila kugombania ardhi.

Lakini samadi mbichi haipelekwi moja kwa moja kwenye mboga. Huunguza miche, hubeba mbegu za magugu ambazo ng'ombe amekula, na inaweza kuwa na vijidudu vya kuumiza watu wanaokula majani mabichi. Hugeuzwa kwanza kuwa mboji. Kibarua huanza na tabaka la mabua makavu chini ili hewa ipite. Juu yake huweka majani mabichi na mabaki ya mboga, kisha samadi, udongo kidogo na maji, na kurudia matabaka hayo mpaka rundo lifike kimo cha kifua. Huchomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache akikichomoa kikiwa cha moto, rundo linafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, linahitaji maji. Kikiwa baridi na chenye harufu mbaya, maji yamezidi na hewa imekosekana. Rundo hugeuzwa kila baada ya wiki chache, na kwa kawaida huchukua takriban miezi mitatu kabla mboji haijawa tayari, nyeusi, laini, yenye harufu ya msitu baada ya mvua.

Kugeuza rundo la mboji ni kazi ngumu kuliko kupalilia, na haionekani mara moja. Faida yake huonekana msimu unaofuata. Kwa hiyo kibarua anayelipwa kwa kutwa na asiyejua kama atakuwapo msimu ujao hana sababu kubwa ya kuifanya vizuri. Mkulima anayetaka mboji nzuri na ahakikishe anayeitengeneza atakuwapo kuona mazao yake.

Pale dawa inapokatazwa

Kilimo hai kina njia zake za kupambana na wadudu, na nyingi zinategemea uangalifu. Ya kwanza ni kubadilisha mazao. Nyanya haifuatwi na nyanya. Haifuatwi pia na viazi, pilipili hoho, biringanya wala managu, kwa sababu zote ni za ukoo mmoja na hushiriki magonjwa na wadudu. Wengi hukosea kwa managu, kwa kuwa ni mboga ya majani na haifanani na nyanya machoni. Baada ya nyanya ni bora kupanda kunde, maharagwe au vitunguu.

Njia ya pili ni mitego ya harufu, inayomvuta nondo dume wa Tuta. Ya tatu ni mimea yenye harufu kali, kama dania na vitunguu, kupandwa katikati ya mazao mengine. Ya nne ni maji ya mwarobaini, pilipili au kitunguu saumu, yanayopuliziwa jioni ili jua lisiunguze majani na nyuki wasiumizwe. Dawa za asili nazo si za kuchezea. Maji ya pilipili yakiingia machoni humuumiza mtu vibaya. Glavu na miwani ya kazi bado vinahitajika.

Pia kuna suala la jirani. Shamba likipakana na lingine linalopigwa kemikali, upepo huvusha. Wakulima wa kilimo hai huacha ukanda wa nyasi ndefu au mahindi mpakani, na mavuno ya ukanda huo hayauzwi kama ya kilimo hai. Kibarua anayejua sababu ya ukanda huo hataulima kwa bahati mbaya.

Daftari na alama ya Kilimohai

Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai, na alama yake inaitwa Kilimohai. Nchini Kenya, Mtandao wa Kilimo Hai, unaojulikana kama KOAN, umekuwa ukisaidia vikundi vya wakulima kufikia kiwango hicho. Wakulima wadogo wasioweza kumudu ada ya wakaguzi binafsi wanaweza kutumia mfumo shirikishi, ambapo wanakikundi hukaguana wenyewe kwa utaratibu uliokubaliwa, na wanunuzi wanaweza kushirikishwa.

Katika ukaguzi kama huo, wakaguzi huangalia vitabu na kuzungumza na watu wa shamba. Anayeweza kuwaambia lini tuta lilipandwa, mboji ilitoka wapi na wadudu walitibiwa kwa nini ni kibarua. Kwa sababu hiyo daftari la shamba linafaa kuandikwa na yeye, siku hiyo hiyo, kwa lugha anayoijua. Kwa kibarua asiyejua kuandika, alama na michoro iliyokubaliwa inatosha.

Katika jambo hili uaminifu ni wa pande mbili. Kibarua mmoja anayeleta kichupa cha dawa kwa siri ili amalize kazi mapema anaweza kukipotezea kikundi kizima alama yake. Vilevile mkulima anayemwamuru kibarua apige kemikali usiku kisha aandike mwarobaini anamfundisha kudanganya, na hapaswi kushangaa siku kibarua huyo atakapomdanganya yeye.

Cheti cha kibarua

Neno kibarua limetokana na neno barua. Zamani mfanyakazi wa kutwa alipewa cheti kidogo, na cheti hicho kilithibitisha kwamba amefanya kazi na anadai malipo. Leo jina limebaki, lakini karatasi imepotea. Wengi huajiriwa kwa maneno tu, na wanapotofautiana juu ya siku au mshahara, kila upande una hesabu yake.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inalinda hata mfanyakazi wa shamba dogo. Mfanyakazi wa kutwa hulipwa mwisho wa siku. Aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi anaweza kuhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kawaida mwenye haki ya kupewa notisi, hata kama bado anaitwa kibarua. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi unapaswa kuandikwa, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri. Mwajiri asipoweza kuonyesha maandishi yanayotakiwa na sheria, ni juu yake kuthibitisha anachodai kuhusu makubaliano. Kila siku saba mfanyakazi ana haki ya angalau siku moja ya mapumziko. Baada ya miezi kumi na miwili ya kazi ana haki ya likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi yenye malipo. Mwajiri anapaswa kumpa makao yanayofaa au posho ya nyumba, na maji safi ya kutosha mahali pa kazi.

Kiwango cha chini cha mshahara wa kilimo hutangazwa na serikali ya kitaifa katika gazeti rasmi na hurekebishwa mara kwa mara. Kilimo ni jukumu la kaunti, na ndiyo maana maafisa wa kilimo nyanjani ni wa kaunti. Masuala ya kazi yamebaki kwa serikali ya kitaifa. Mwenye swali kuhusu mshahara au malalamiko kuhusu mkataba aende kwa afisa wa kazi. Mwenye swali kuhusu wadudu, udongo au mboji aende kwa afisa wa kilimo wa wadi yake.

Kuna wakulima wadogo watakaosema kwamba wao wenyewe hawana kitu, na sheria hizi ni za makampuni makubwa. Ni kweli kwamba mwenye robo ekari hana pesa za mwenye ekari mia. Lakini ukurasa mmoja wa daftari, wenye tarehe ya kuanza, malipo, siku ya kulipa, siku ya mapumziko na sahihi au alama za pande zote mbili, haugharimu chochote. Malipo yakitumwa kwa simu, ujumbe unabaki kama ushahidi kwa wote wawili. Msimu ambao bei ya nyanya imeanguka, ni bora mkulima azungumze mapema kuliko kukwepa simu mwisho wa mwezi. Mavuno yakishindwa, kibarua hapaswi kubebeshwa hasara ambayo hakukubaliana nayo.

Usalama

Shamba la Kimana lina hatari zake. Ndovu wanaotembea kati ya Amboseli na maeneo ya Chyulu na Tsavo hupita karibu, na nyanya zilizoiva au mahindi mabichi huwavuta usiku. Kibarua aliyewekwa kulinda shamba asitumwe kupambana na ndovu kwa rungu na tochi. Kazi yake ni kuona, kupiga kelele akiwa mbali na mahali salama, na kuita Shirika la Huduma kwa Wanyamapori au walinzi wa wanyama wa jamii. Mboga zitapandwa tena.

Jembe, misumari na samadi kwa pamoja huleta hatari ya pepopunda, kwa hiyo chanjo ni muhimu kwa kila anayefanya kazi shambani. Viatu vya mpira huzuia majeraha na huwapa nyoka nafasi ndogo ya kuuma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga, na gharama yake haikatwi kwenye mshahara. Pia kila kibarua anahimizwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kabla ugonjwa haujafika.

Na watoto wasigeuzwe vibarua. Mtoto anaweza kumsaidia mzazi kazi nyepesi baada ya shule, lakini siku ya masomo mahali pake ni darasani.

Mambo ya kuondoka nayo

Mkulima mwenye kibarua aandike naye makubaliano kabla ya wiki hii kwisha, hata kama wamefanya kazi pamoja miaka mitano. Kibarua asiye na daftari la shamba aombe moja na aanze kuandika kesho asubuhi. Familia zenye samadi iliyolala bomani na wakulima wanaoihitaji watafutane siku ya soko. Na kijana aliyepoteza mifugo asione haya kuuliza kazi kwenye shamba la kilimo hai. Aseme wazi kwamba anajua kuchunga, na mkulima mwenye busara ataelewa maana yake.

Mboga isiyo na sumu huanza na mtu aliyeinama kwenye tuta asubuhi na kugeuza jani ambalo hakuna aliyemwambia aligeuze. Mtu huyo akilipwa kwa wakati, akapumzika na kuheshimiwa, ataligeuza pia kesho.